Zhu Di na Walinzi Wake wa Mawe

Sisi wa Homa Bay tukiingia mbuga ya Ruma na kumwona twiga, hatushangai. Lakini yuko mfalme wa Uchina ambaye twiga mmoja kutoka Kenya alimtia furaha kubwa, na sababu yake si nzuri sana. Huyo ni Zhu Di, anayejulikana pia kama Yongle.

Alizaliwa mwaka wa 1360, mwana wa nne wa mwanzilishi wa ukoo wa Ming. Baba alipofariki mwaka wa 1398, kiti kilimwendea mjukuu, mtoto wa kaka yake Zhu Di. Ami hakukubali. Akapigana miaka mitatu, na mwaka wa 1402 akaingia Nanjing na kukinyakua. Ikulu iliungua, na kijana yule hakuonekana tena. Msomi Fang Xiaoru alipokataa kuandika tangazo la kumtawaza, aliuawa pamoja na jamaa zake. Jamani!

Sasa mtu kama huyo angewaambiaje watu kwamba Mbingu zimemkubali? Wachina waliamini kwamba kuna mnyama aitwaye qilin, ambaye hujitokeza tu mtawala anapokuwa mwadilifu. Basi mwaka wa 1415, siku zile merikebu za Zheng He zilipokuwa zikizunguka bahari yetu, twiga akafikishwa huko kutoka Malindi. Ati ndiye qilin! Mfalme mwenyewe alikwenda langoni kumpokea. Kwangu mimi, hiyo ilikuwa siasa tupu.

Hata hivyo alikuwa mjenzi hodari. Aliijenga ikulu kuu ya Beijing, na mwaka wa 1421 akauhamishia huko mji mkuu. Alifariki mwaka wa 1424 akirudi kutoka vitani Mongolia. Masuria wake waliuawa ili wamfuate kaburini.

Sisi tunalijua boma la Thimlich Ohinga kule Migori, ambako ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji ndio mlinzi. Kwa Zhu Di, walinzi ni wanyama. Kando ya njia ya kwenda kaburini, kaskazini mwa Beijing, wamo 24 wa mawe waliowekwa mwaka wa 1435: simba, ngamia, tembo, farasi, xiezhi mwenye kutambua waongo, na qilin. Kila aina ni wanne, wawili wamesimama na wawili wamepumzika.

Lakini hebu mtazame huyo qilin: shingo yake ni fupi! Mafundi walimchonga yule wa hadithi za kale. Twiga wa Malindi hayumo.