Allidina Visram: Aliyegeuza mabadiliko ya usafiri kuwa ajira

Barabara mpya inapopita upande mwingine wa mji, wateja huhama na maduka ya zamani hubaki matupu. Wapo wanaofunga biashara na kwenda kutafuta kuajiriwa, wakati nafasi zenyewe ni chache. Maisha ya Allidina Visram yanaonyesha kuwa badiliko kama hilo linaweza pia kuzaa kazi mpya.

Visram alizaliwa mwaka 1851 huko Kera, Kutch, magharibi mwa India. Alifika Afrika Mashariki akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Alianza kwa kuajiriwa Bagamoyo na Sewa Haji Paroo, tajiri wa misafara ambaye jina lake tunalisikia hadi leo kutokana na jengo la Sewa Haji katika Hospitali ya Muhimbili.

Ajira hiyo ilimpa elimu ya biashara. Baadaye alifungua maduka yake mwenyewe kwenye njia ya misafara kuelekea bara. Wapagazi walipeleka nguo na shanga, wakarudi na pembe za ndovu. Mzigo wa kichwani ulikuwa na gharama kubwa, hivyo bidhaa iliyolipa ilikuwa ile nyepesi yenye bei kubwa. Mkulima wa karanga au ufuta aliye mbali na pwani hakuwa na soko huko.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Kwa waliotegemea misafara, hilo lilikuwa pigo. Visram hakungoja biashara ya zamani imfie mikononi. Alifungua maduka kando ya reli na kuvuka hadi Uganda, akiuza nguo, chumvi na mahitaji mengine.

Hata hivyo, hakuishia kuuza. Alitambua kuwa treni imeshusha gharama ya usafiri, na kwamba mazao mazito ya bei ndogo sasa yanaweza kulipa. Akawa ananunua ngozi, ufuta, karanga na pamba kutoka kwa wenyeji. Aliingia pia katika kuchambua pamba na kukamua mafuta. Duka lake likawa soko la mkulima, na mkulima aliyepata fedha akawa mteja wa duka. Mtoto aliyekuja kutafuta kazi akaishia kuajiri mamia ya watu.

Alifariki mwaka 1916. Kampuni yake haikudumu muda mrefu baada ya hapo, ingawa shule yenye jina lake ipo Mombasa hadi leo. Nalo hili ni somo kwa wenye biashara za familia. Andaa mapema watakaokupokea.

Ndugu msomaji, barabara, daraja au umeme unapofika kwenu, usiulize tu nani ataajiriwa kwenye mradi. Kaa na kalamu upige hesabu. Ni zao gani lililokuwa likioza shambani kwa sababu nauli ilikula faida yote? Nauli mpya ni kiasi gani kwa gunia? Mnunuzi yuko wapi, na analipa lini? Zao likibakiza faida baada ya hesabu hiyo, anza na magunia machache. Huenda kazi unayoitafuta mjini iko hapo.