Maria Montessori: daktari aliyetaka mtoto ashike hesabu kwa mkono

Wazazi wa Kisangani wanajua vizuri maana ya mtoto kubakia nyumbani bila masomo. Kulikuwa vita vya siku sita, mwezi wa sita mwaka wa 2000. Kulikuwa korona, mwezi wa tatu mwaka wa 2020, shule zote za inchi zikafungwa. Kuko migomo ya walimu. Tena, tangu masomo ya msingi yawe ya bure mwaka wa 2019, kuko kalasi zilizojaa mpaka mwalimu hawezi kujua nani ameelewa na nani amebakia nyuma. Njo maana wazazi mingi, Makiso, Mangobo, Kabondo ao ng'ambo ya Lubunga, wanajaribu kufundisha watoto wadogo wenyewe nyumbani, na somo linalowashinda mbele ya yote ni hesabu.

Wanatuuliza: tufuate programu gani? Tununue kitabu gani? Leo hatutataja kitabu cha duka. Tutasimulia maisha ya mwanamke mmoja ambaye jina lake limeandikwa kwenye shule nyingi za dunia, lakini watu wachache hapa kwetu wanajua alitoka wapi na alifanya nini.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 mwezi wa nane 1870, katika mji mdogo wa Chiaravalle, Italia. Baba yake Alessandro alikuwa mtumishi wa serikali. Mama yake, Renilde, alikuwa mwanamke mwenye kupenda kusoma vitabu, jambo ambalo halikuwa la kila mwanamke wakati ule. Maria alipokuwa na miaka 5, jamaa ilihamia Roma. Alipofika miaka 13 aliingia shule ya ufundi, pamoja na vijana wanaume, sababu alipenda hesabu na alitaka kuwa injenia. Baba yake hakufurahi. Mama alimuunga mkono.

Nyuma yake akabadilisha mawazo: akataka kuwa daktari. Hilo lilikuwa gumu zaidi. Pale chuo kikuu cha Roma, alilazimishwa kupasua maiti peke yake, wanafunzi wengine wakiisha kwenda, sababu ilionekana ni haya msichana kuangalia mwili wa mtu pamoja na wanaume. Alivumilia. Mwaka wa 1896 akapata diploma, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza wa Italia kuwa daktari.

Kazi yake ya kwanza ilimpeleka katika nyumba za wagonjwa wa akili mjini Roma. Mule alikuta watoto waliofungiwa pamoja na watu wakubwa wenye wazimu. Walikuwa wamehesabiwa kuwa wajinga, watu wasioweza kufundishwa kitu. Chumba kilikuwa kitupu kabisa, hakuna kitu cha kuchezea. Inasimuliwa kama, chakula kikiisha, watoto wale waliokota vipande vya mkate chini, wakavishika na kuvigeuzageuza. Mlinzi aliona ni ulafi. Montessori aliona kitu kingine: mikono yenye njaa ya kazi.

Akaanza kusoma vitabu vya waganga wawili Wafaransa waliokuwa wamekwisha kufa, Itard na Séguin, ambao walikuwa wamefundisha watoto wa namna ile kwa vitu vya kushika. Mwaka wa 1900 akawa kati ya viongozi wa shule moja ya Roma iliyotayarisha walimu wa watoto wenye ulemavu wa akili. Alifanya kazi na watoto wale mchana kutwa, na usiku aliandika yale aliyoyaona. Nyuma ya wakati, wamoja kati yao wakapita mtihani sawa na watoto wa shule za kawaida.

Watu wakamsifu. Lakini yeye akajiuliza jambo lingine. Kama mtoto aliyetupwa anaweza kufika hapo kwa sababu amepewa vitu vya kushika, basi yule mtoto mzima wa shule ya kawaida, anayekaa kwenye banki siku nzima na kurudia maneno ya mwalimu, anazuizwa na nini? Swali hilo njo lilimshika maisha yake yote. Na kwetu pia linatugusa. Mara ngapi tumesikia mzazi akisema mtoto wake hana kichwa cha hesabu, na mtoto mwenyewe ana miaka 6 tu?

Kuko upande mwingine wa maisha yake ambao hatuwezi kuficha. Mwaka wa 1898 alizaa mtoto mwanaume, Mario, na daktari mwenzake Giuseppe Montesano. Hawakuoana. Kwa desturi ya wakati ule, kama jambo lile lingejulikana, kazi yake ingekwisha. Mtoto akapelekwa kulelewa na jamaa nyingine kijijini. Mama alimtembelea, lakini hakuishi naye mpaka Mario alipokuwa kijana wa miaka karibu 15. Hata nyuma ya pale, miaka mingi alimtambulisha kwa watu kama mtoto wa ndugu. Mwanamke aliyefundisha dunia kuheshimu mtoto hakuweza kulea wa kwake alipokuwa mdogo. Tunasema hilo kusudi mzazi asifikiri kama njia hii ilitoka kwa mtu mkamilifu.

Tarehe 6 mwezi wa kwanza 1907, mlango ulifunguka katika mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa wamasikini wa Roma. Kampuni moja ilikuwa imetengeneza nyumba za kupangisha. Wazazi walikwenda kazini asubuhi, watoto wadogo wakabakia peke yao, wakiandika kwenye kuta na kuharibu ngazi. Kampuni ilitafuta mtu wa kuwachunga, kusudi nyumba zisiharibike. Hapo Montessori akapata nafasi yake. Watoto walikuwa karibu 50, wa miaka 2 mpaka 6 hivi. Mwanamke aliyekaa nao hakuwa na masomo ya ualimu. Daktari hakuona ubaya: alitaka mtu wa kuangalia watoto kwa uangalifu, asiyekuwa na desturi ya kupiga kelele mbele ya kalasi. Mzazi asiye na diploma ya ualimu aweke jambo hilo moyoni.

Katika nyumba ile na zile zilizofuata, hesabu ilianza na fimbo 10 za mbao. Fupi kabisa ina santimeta 10, ndefu kabisa ina metre 1. Kila fimbo imepakwa rangi nyekundu na ya bulu, sehemu kwa sehemu, kila sehemu santimeta 10. Mtoto anazipanga kama ngazi. Akikosea, ngazi inapindika, na macho yake yenyewe yanamwambia. Hakuna haja ya mtu mkubwa kumpigia kelele. Akiweka ile ya 1 mwisho wa ile ya 9, anapata urefu sawa na ile ya 10. Ya 2 na ya 8, vilevile. Amekwisha kujumlisha, na hajaandika hata alama moja.

Nyuma ya fimbo, alama za tarakimu zilizokatwa kwa karatasi ya kukwaruza, ile ya fundi wa mbao, na kubandikwa kwenye ubao. Mtoto anazifuata kwa kidole. Nyuma yake, sanduku lenye vyumba tangu 0 mpaka 9, na vijiti 45. Mtoto anaweka kijiti 1 kwenye chumba cha 1, vijiti 2 kwenye chumba cha 2, mpaka 9. Vinakwisha sawasawa. Na chumba cha 0 kinabakia kitupu: hapo mtoto anaona sifuri ni nini. Mwisho, shanga: moja peke yake, kumi kwenye waya mmoja, mia moja katika kiraba cha waya 10, elfu moja katika sanduku la viraba 10. Mtoto wa miaka 5 anabeba elfu kwa mikono miwili, na anasikia uzito wake tofauti na ule wa mia.

Angalieni ule mpango. Kwanza kushika, kisha jina, kisha alama ya kuandika. Ugumu mmoja tu kwa mara moja. Montessori alishikilia mpango huo kwa nguvu. Aliandika kitabu chake cha kwanza mwaka wa 1909, na kingine kizima juu ya hesabu kilitoka Barcelona mwaka wa 1934. Hakupenda watu wachukue vitu vyake na kuvichanganya ovyo. Wengine walimlaumu kwa hilo, tena vifaa vyake viliuzwa kwa bei kubwa, na mpaka leo ni bei kubwa. Njia iliyozaliwa kati ya wamasikini, mahali pengi imekuwa ya watoto wa matajiri.

Siasa pia ilimpitia. Mwanzoni serikali ya Mussolini ilimuunga mkono, naye akakubali msaada ule. Lakini hawakupatana mpaka mwisho, na shule zake za Italia zilifungwa. Hitler alizifunga za Ujerumani. Alikuwa Barcelona wakati vita vya Hispania vilipoanza mwaka wa 1936, akakimbia kwa mashua ya Waingereza, akafika Uholanzi. Mwaka wa 1939, akiwa na miaka 69, akaenda India kufundisha walimu. Italia ilipoingia vitani mwaka uliofuata, Waingereza waliotawala India walimshika Mario sababu alikuwa Muitalia. Wakamwachilia siku mama yake alipotimiza miaka 70, kama zawadi. Walibakia India mpaka 1946. Mtu huyu alijua maana ya kufungasha vitu na kuanza upya mahali pengine, sawa jamaa nyingi za majimbo yetu ya mashariki.

Sasa turudi kwenye swali la wazazi wetu. Programu ya kuchagua ni ile inayofuata mpango: mkono mbele ya karatasi. Kama kitabu kinaanza na tarakimu na alama ya kujumlisha kwa mtoto wa miaka 4, kiacheni kwanza. Kama vifaa ni vingi na vya rangi nzuri lakini mtoto hawezi kuona kosa lake mwenyewe, ni vya kuchezea tu.

Fimbo zile 10, ukizijumlisha zote, ni metre 5 na nusu za mbao nyembamba. Fundi wa mtaa anaweza kuzikata, mradi apime vizuri. Badala ya shanga, chukueni vijiti vya fagio la ngazi, vikatwe urefu mmoja. Kumi fungeni kwa kamba, ni kumi. Mafungu kumi ya kumi, fungeni pamoja, ni mia. Mtoto afunge mwenyewe, tena afungue mwenyewe. Siku atakayofunga elfu, hatasahau.

Wengine wanatumia falanga. Ni vizuri kwa mtoto mkubwa anayetumwa sokoni. Lakini kwa mdogo, noti ya 1000 si kubwa mara kumi kuliko ya 100. Ukubwa umeandikwa tu, mkono hausikii kitu.

Na jambo moja ambalo tunalo bila kulinunua: luga. Kwa Kiswahili tunasema kumi na moja, kumi na mbili. Kwa Kilingala ni vilevile, zomi na moko. Jina lenyewe linaonyesha fungu la kumi na kijiti kimoja pembeni. Kwa Kifaransa, onze na douze zinaficha ile kumi. Basi mtoto ahesabu kwanza kwa luga ya nyumbani. Kifaransa kitafuata, na kitakuta akili imekwisha kutayarishwa.

Tena kuhesabu kwa vitu si jambo lililoletwa kwetu na meli. Pale Ishango, kwenye ziwa Edouard, Kivu ya Kaskazini, mwaka wa 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye mistari iliyochongwa kwa mafungu. Umri wake ni miaka karibu 20.000, na watu mingi wa elimu wanaona ni mfupa wa kuhesabia. Leo unakaa Bruxelles. Mikono iliyouchonga ilikuwa ya hapa.

Maria Montessori alikufa tarehe 6 mwezi wa tano 1952, huko Noordwijk, Uholanzi, akiwa na miaka 81. Walioandika maisha yake wanasimulia kama siku ileile alikuwa akizungumza na Mario juu ya safari ya Afrika, kwenda Ghana, ambayo wakati ule iliitwa Gold Coast, kufundisha walimu. Mario aliogopa joto na uzee wa mama yake. Alitoka kidogo, na aliporudi alimkuta amekwisha kufa.

Afrika hakufika. Lakini mbao ziko, vijiti viko, na jioni moja ya kukaa chini na mtoto haikosekani. Anzeni na kumi.