C. T. STUDD: BINGWA WA KRIKETI ALIYEZIKWA CONGO

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ndugu msomaji, michezo ya shule ikifika fainali, maombi husikika kila upande. Timu yetu inaomba, na ile nyingine nayo inaomba. Wakristo wanafumba macho, Waislamu wanainua mikono. Kisha filimbi inalia, na mwisho wa yote mmoja lazima ashindwe. Je, Mungu amemsikia nani? Hebu tulitafute jibu katika maisha ya mtu aliyekuwa bingwa wa mchezo na pia mtu wa dini.

Charles Thomas Studd, ambaye wengi walimwita C. T., alizaliwa Uingereza tarehe 2 Desemba 1860. Baba yake, Edward, alikuwa ametajirika kwa kilimo cha nili kule India, akarudi kwao kula raha na kufuga farasi wa mashindano. Siku moja akaenda kumsikiliza mhubiri Mmarekani, D. L. Moody. Basi mzee akabadilika kabisa, akaachana na mambo ya farasi. C. T. na ndugu zake wawili, Kynaston na George, nao wakaokoka wakiwa bado wanafunzi wa shule ya Eton.

Kwetu huku Garsen na kandokando ya Mto Tana kandanda ndiyo mfalme, kwa hivyo nieleze kidogo. Kriketi ni jamaa ya raunda. Mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa gongo na kukimbia ili apate mikimbio. Nyuma ya mpigaji pamesimamishwa vijiti vitatu, yaani wiketi. Vikiangushwa na mpira, mpigaji ametoka.

Katika mchezo huo C. T. hakuwa na mfano. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Cambridge, ndugu hao watatu walipokezana unahodha wa timu: George mwaka wa 1882, C. T. 1883, na Kynaston 1884. Katika msimu wa 1882 C. T. alipata zaidi ya mikimbio 1,000 na wiketi zaidi ya 100, akarudia hivyo hivyo mwaka uliofuata. Kijana wa miaka ishirini na kitu, jina lake liko kwenye kila gazeti!

Lakini sikiliza yaliyompata. Mwezi wa Agosti 1882 Uingereza ilicheza na Australia katika uwanja wa Oval, London. Ili washinde, Waingereza walihitaji mikimbio 85 tu. Wakaanza vizuri, kisha mrushaji mmoja wa Australia, Fred Spofforth, akawafyeka kama nyasi. C. T. alikuwa tayari amewapiga Waaustralia hao mara mbili msimu huo na kupita mikimbio mia, lakini nahodha akamweka nyuma, akaingia wa kumi. Alisimama upande wa pili akingoja zamu yake, na kabla hajarushiwa hata mpira mmoja mwenzake akatolewa. Uingereza ikaishia 77. Walishindwa kwa mikimbio saba tu! Gazeti moja likatangaza kwa mzaha kifo cha kriketi ya Uingereza na kusema majivu yake yatapelekwa Australia. Ndiyo maana hadi leo mataifa hayo mawili yakikutana, yanagombea Majivu. C. T. alikuwa katika kikosi kilichokwenda Australia msimu uliofuata na kulipiza kisasi, na jina la akina Studd limo katika shairi fupi lililobandikwa kwenye kile chombo kidogo cha Majivu.

Utaona basi kwamba kuokoka hakukumpa ushindi pale Oval. Hata yeye mwenyewe wakati huo imani yake ilikuwa imepoa, mawazo yote yako uwanjani. Kilichomwamsha ni ugonjwa wa George. Ndugu yake huyo aliugua sana hata wakadhani atakufa. Akiwa kando ya kitanda, C. T. alijiuliza sifa na makofi ya watu vitamfaa nini George saa ile. George alipona, lakini swali halikuondoka.

Mwezi wa Februari 1885 C. T. na vijana wenzake sita, walioitwa Saba wa Cambridge, wakapanda meli kwenda China kuhubiri Injili. Huko alitimiza miaka 25 na kupata urithi wa baba yake, kiasi cha pauni 29,000. Kumbe hakuwa na haja nazo! Akazigawa karibu zote kwa kazi za Mungu na za maskini. Alipotaka kuoa mwaka wa 1888, alimpa mchumba wake, Priscilla Stewart, pauni 3,400 zilizobaki. Bibi arusi naye akataka zitolewe, nazo zikaenda.

Baadaye alihudumu India, na huko akashika tena gongo ili awakaribie askari. Mwaka wa 1908, mjini Liverpool, aliona tangazo la kutafuta wamishonari wa Afrika ya kati, lililowaita watu wa huko wala watu. Jina hilo ni la dharau, na hatuna sababu ya kulificha. Hata hivyo lilimvuta. Madaktari walimkataza kwa sababu ya afya yake, lakini mwaka wa 1913, akiwa na miaka 52, aliingia Congo pamoja na kijana Alfred Buxton. Alikaa hasa Ibambi, ndani ya msitu, akafariki huko tarehe 16 Julai 1931. Kaburi lake liko hapo hapo.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mkali, na alitaka kila mtu afanye kazi kama yeye. Tangu 1916 hakurudi tena kwao. Mkewe alimwona mara moja tu, mwaka wa 1928, kwa siku chache, akafa mwaka uliofuata. Wamishonari kadhaa walitofautiana naye wakaenda kuanzisha chama chao mwaka wa 1931. Moto unaopika ndio unaounguza.

Sisi wa Tana tunaijua gharama ya safari kama hizo. Mwaka wa 1886, C. T. akiwa China, mmishonari John Houghton na mkewe Annie waliuawa na wavamizi hapa hapa kwetu, Golbanti.

Sasa turudi kwenye swali letu. Maisha ya C. T. yanaonyesha kwamba dua si mikimbio ya bure. Mpira hauna dini, unamtii aliyefanya mazoezi. Imani kazi yake ni kumwambia mchezaji atafanya nini na nguvu zake mechi ikiisha, na atamtendeaje mwenzake wakati makofi yamekwisha. Wachezaji wetu, ombeni. Lakini mkishindwa, msimlaumu Mungu wala refa. Wapeni wenzenu mkono, halafu kesho alfajiri tukutane uwanjani.