JOHN BROWNING, FUNDI ALIYEIPIMA RISASI KWA KAZI YAKE

Kila kiwanda kinapotoa risasi mpya ya bastola, maneno huzuka makambini na katika vituo vya polisi. Wako wasemao kwamba ile ya zamani imekwisha kupitwa na wakati, na wako washikiliao kwamba askari hahitaji kitu kingine ila shabaha. Mwaka 2022 kiwanda cha Federal cha Marekani kilitoa risasi iitwayo .30 Super Carry, iliyokusudiwa hasa watu wabebao bastola ndogo chini ya nguo, na mabishano hayo yakaanza upya. Tumeona ni vema leo kuwasimulia wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wa majeshi na polisi, maisha ya mtu aliyelishughulikia jambo hili kwa mikono yake mwenyewe. Mtu huyo ni marehemu John Moses Browning, ambaye jina lake linasomeka ubavuni mwa bastola zilizovaliwa kiunoni na maofisa wengi duniani, na katika bara letu pia.

MTOTO WA KARAKANA

Browning alizaliwa tarehe 23 Januari, 1855, katika mji wa Ogden, Utah, magharibi ya Marekani. Baba yake, Jonathan Browning, alikuwa fundi wa bunduki, mwenye wake watatu na watoto 22. Masomo ya John shuleni yalikuwa machache. Shule yake ya kweli ilikuwa karakana ya baba yake. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi aliunda bunduki yake ya kwanza kwa vyuma chakavu alivyookota humo.

Mwaka 1879 ulikuwa mwaka mkubwa kwake. Alioa, akampoteza baba yake, na mwezi wa Oktoba akapata hati ya kwanza ya kumiliki uvumbuzi wake, bunduki ya kupiga risasi moja moja. Yeye na ndugu zake wakaanza kuitengeneza huko Ogden. Mwaka 1883 mkuu mmoja wa kiwanda cha Winchester alisafiri mpaka huko, akainunua haki ya bunduki hiyo kwa dola 8,000. Tangu hapo, kwa miaka karibu ishirini, bunduki nyingi zilizokipa kiwanda hicho sifa zilitoka katika kichwa cha fundi huyu.

Inaelezwa kwamba siku moja mwaka 1889, akiwa katika kiwanja cha shabaha, aliona majani yakilala kila bunduki ilipolia. Wengine waliyaona majani hayohayo wasiyatilie maanani. Browning alitambua kwamba ile ilikuwa nguvu ya gesi ya baruti iliyokuwa ikipotea bure, na akajiuliza kwa nini isitumiwe kutoa ganda lililokwisha kutumika na kuingiza risasi nyingine. Katika fikira hiyo zilizaliwa bunduki zake za rashasha. Baadaye alizigeukia bastola zinazojijaza zenyewe, akitumia humo nguvu ya kurudi nyuma.

RISASI ZA MFUKONI

Mwaka 1897 Browning aliafikiana na kiwanda cha FN kilichoko Herstal, karibu na mji wa Liège, Ubelgiji. Bastola yao ya kwanza ilipokelewa na jeshi la Ubelgiji mwaka 1900. Lililo muhimu kwetu ni kwamba Browning hakuchukua risasi iliyokuwapo akaizungushia chuma. Aliibuni risasi pamoja na bastola yake, kila moja ikimpimia mwenzake. Risasi hiyo ilikuwa ya milimita 7.65, yenye kichwa cha gramu 4.6 hivi. Nguvu yake ilikuwa ndogo, na kwa sababu hiyo bastola yake iliweza kuwa nyepesi, bapa na sahili.

Baadaye akabuni ndogo zaidi, ya milimita 6.35. Haikuwa na nguvu ya kushinda ile ndogo ya .22 iliyokwisha kuenea. Lakini fataki yake ilikuwa katikati ya kitako cha ganda, si pembeni, na kwa hiyo iliaminika zaidi kuwaka. Kwa bastola ya kufichwa katika mfuko wa kizibao, Browning aliona kwamba kuwaka bila kukosa ni bora kuliko nguvu kidogo ya ziada. Mwaka 1908 ikafuata milimita 9 fupi, yenye kichwa cha gramu 6 hivi, ambayo Wamarekani huiita .380.

Askari kanzu wa miji mingi ya Ulaya walizipenda silaha hizo, maana zilikaa chini ya koti bila kuonekana. Zilipendwa vilevile na watu wa nia nyingine. Tarehe 28 Juni, 1914, mjini Sarajevo, Gavrilo Princip alitumia bastola ya Browning ya milimita 9 fupi kumpiga mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria pamoja na mkewe. Wote wawili walikufa, na mauaji hayo yakawa cheche iliyowasha Vita Kuu ya Kwanza. Lakini hawakufa papo hapo. Hapa ndipo penye fumbo la suala letu lote: risasi ndogo huweza kuua, ila kuua si sawa na kumsimamisha mtu. Askari anayeshambuliwa kwa panga hatasaidiwa na kifo cha adui kitakachotokea baada ya nusu saa.

FUNZO LA UFILIPINO

Jeshi la Marekani lilijifunza jambo hilo kwa gharama, tena katika vita vya kikoloni. Lilipoivamia Ufilipino, maofisa wake walikuwa na bastola za silinda za .38, zenye risasi ya mwendo wa polepole. Wamoro, watu wa visiwa vya kusini waliokuwa wakiitetea nchi yao, walipigwa risasi hizo mara kadhaa na bado wakafika na silaha zao mikononi. Ikabidi bastola za zamani za .45 zitolewe tena maghalani.

Mwaka 1904 maofisa wawili, John Thompson na tabibu Louis LaGarde, waliagizwa kufanya majaribio. Walipiga maiti za watu, na ng'ombe hai katika machinjio ya Chicago, wakatoa hukumu kwamba bastola ya vita isiwe na risasi iliyo chini ya .45, yaani milimita 11.4 hivi. Wataalamu wa siku hizi huyalaumu majaribio hayo kwa kuwa wanyama walikuwa wachache na vipimo havikuwa na utaratibu imara. Hata hivyo amri ilikuwa imetoka, na Browning aliitii. Kwa ajili ya kiwanda cha Colt aliunda bastola na risasi ya .45, yenye kichwa kizito cha gramu 15 hivi.

Mtihani mkubwa ulifanywa mwezi wa Machi, 1911. Bastola yake ilipigwa risasi 6,000. Ilipokuwa ya moto kupita kiasi ilitumbukizwa majini, kisha kazi ikaendelea. Haikukwama hata mara moja, hali mshindani wake, bastola ya Savage, ilikwama mara 37. Tarehe 29 Machi jeshi likaipokea, na likaendelea nayo hadi mwaka 1985. Tukumbuke kwamba ukubwa wa risasi ulikuwa umekwisha kuamriwa kwa wote wawili. Kilichompa Browning ushindi siku ile ni kuaminika.

KIFO NA URITHI

Wakati wa Vita Kuu aliiuzia serikali yake haki za bunduki zake za rashasha kwa dola 750,000, kiasi kidogo sana kuliko ambacho angepata kwa malipo ya kila bunduki. Katika uzee wake alianza bastola nyingine, safari hii kwa risasi ya milimita 9 ya Mwaustria Georg Luger, iliyotoka mwaka 1902. Hatuoni kwamba aliona haya kutumia risasi ya mtu mwingine; ilitosha kazi, naye akaichukua. Hakuimaliza. Tarehe 26 Novemba, 1926, moyo wake ulisimama akiwa kiwandani Herstal, na akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 71. Kazi ilimalizwa na fundi Mbelgiji, Dieudonné Saive, na bastola ikatoka mwaka 1935 ikiwa na magazini ya risasi 13. Katika Vita Kuu ya Pili ilitumiwa na pande zote mbili, na baadaye ikasambaa katika majeshi mengi ya dunia.

Mabishano hayakuzikwa pamoja naye. Mwaka 1986, mjini Miami, makachero wawili wa FBI waliuawa na watano kujeruhiwa katika mapambano na wanyang'anyi wawili. Lawama ikaangukia risasi moja ya milimita 9 ambayo haikuufikia moyo wa mhalifu. FBI ikaweka kipimo kwamba risasi ya askari ipenye angalau sentimita 30, ikaenda kwenye milimita 10, ikaiona kali mno kwa askari wengi, kisha ikatumia .40 iliyotoka mwaka 1990. Mwaka 2014 wakufunzi wake wakashauri kurudi kwenye milimita 9. Sababu zao zilikuwa mbili: vichwa vya risasi vilikuwa vimeboreshwa hata tofauti ya majeraha ikawa ndogo, na askari wengi walipiga upesi na kwa shabaha bora kwa milimita 9. Karibu miaka thelathini ilipita, na safari ikaishia ilikoanzia.

Basi tusemeje juu ya risasi mpya ya bastola za kufichwa? Ile ya mwaka 2022 ni nyembamba kuliko milimita 9, na katika bastola ndogo huongeza risasi mbili hivi ndani ya magazini. Hiyo ni faida ya kweli, wala hatuidharau. Lakini viwanda vilivyoiundia bastola ni vichache, msukumo wa gesi yake ni mkubwa, na ghala la serikali haliwezi kuijaza kwa urahisi kama milimita 9. Askari asiyepata risasi za kutosha za mazoezi hatakuwa na shabaha, na risasi ikosayo mhalifu hutafuta mwili mwingine: wa mama muuza ndizi sokoni, au wa mtoto atokaye shule. Kwa maoni yetu, mkuu wa kikosi mwenye milimita 9 iliyo nzima hana sababu ya kuiacha leo.

Mkuu huyo akiletewa risasi mpya, ayaulize aliyoyapima Browning katika kila kazi yake. Je, inawaka na kujijaza bila kukosa? Je, inapenya ya kutosha kumsimamisha mshambuliaji, bila kupitiliza na kumdhuru asiye na hatia? Je, bastola yake inafichika, na askari wa kawaida, si bingwa, anaweza kuituliza mkononi na kurudia shabaha? Na sisi, watu wa nchi zenye mifuko myepesi, tuongeze swali la nne: je, itapatikana mwaka kesho? Ikijibu yote manne kuliko ya zamani, ipokewe. Isipojibu, fedha hizo zipelekwe katika kiwanja cha shabaha.