Fela Kuti: Mwana wa pasta aliyekataa kuvishwa suti

JUA la Lagos linachoma. Jamaa amevaa soksi, viatu vya kufunga, suruali, fulana ya ndani, shati, tai, koti na kofia juu. Jasho linamtiririka, karibu azirai, lakini ukimuuliza atakwambia yeye ni mstaarabu.

Huyo ndiye mhusika wa Gentleman, wimbo ambao Fela Kuti wa Nigeria aliutoa mwaka wa 1973. Jalada la santuri hiyo lilikuwa na picha ya nyani aliyevalia suti. Ujumbe haukuhitaji mkalimani.

Vijana wengi leo wanalijua jina la Fela kupitia kwa wasanii wa Nigeria wanaotamba kwenye simu zao. Wimbo Ye wa Burna Boy umeazima kutoka kwake, na babu yake Burna Boy, Benson Idonije, ndiye aliyekuwa meneja wa kwanza wa Fela. Lakini huyu mzee alikuwa nani haswa? Na nyimbo zake zilikuwa zinasema nini hadi serikali ikatuma jeshi nyumbani kwake?

Nyumba ya kiboko na maandamano

Fela alizaliwa Oktoba 15, 1938, mjini Abeokuta, kusini magharibi mwa Nigeria. Babake, Israel Ransome-Kuti, alikuwa pasta wa Anglikana na mwalimu mkuu, mtu wa nidhamu na kiboko. Hata babu yake, Josiah, alikuwa pasta, na alirekodi nyimbo za dini kwa Kiyoruba jijini London mwaka wa 1922.

Mamake, Funmilayo, alikuwa mwalimu pia, ila yeye alikuwa na moto mwingine. Aliacha nguo za Kizungu akavaa kama mama mboga wa sokoni, kisha akawaongoza maelfu ya wanawake kupinga ushuru waliotozwa na utawala wa wakoloni. Kelele zao zilimfanya Alake, mfalme wa Abeokuta, aachie kiti kwa muda mwaka wa 1949.

Kwa hivyo Fela alilelewa na masomo mawili chini ya paa moja: kutii na kukataa.

Mwaka wa 1958 alitumwa London akasomee udaktari. Kaka yake Olikoye na mdogo wake Beko wote walikuja kuwa madaktari, kwa hivyo njia ilikuwa imeshachorwa. Fela alipofika huko akajiandikisha Trinity College of Music. Familia ilisafirisha daktari, ikapata mpiga tarumbeta.

Usidhani hapo alikuwa tayari amejipata. Aliporudi Nigeria mwaka wa 1963 na bendi yake ya Koola Lobitos, alikuwa bado anavaa suti na kuimba mapenzi, akichanganya jazi na highlife iliyokuwa inavuma Afrika Magharibi. Muziki ulikuwa safi lakini haukushika sana.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1969 alipoenda Marekani na bendi. Los Angeles alikutana na Sandra Smith, ambaye baadaye alijulikana kama Sandra Izsadore, mwanadada wa vuguvugu la Black Panther. Sandra alimpa kitabu cha maisha ya Malcolm X. Ilibidi Mwafrika avuke bahari ndipo Mmarekani amwonyeshe kwamba hajui historia ya kwao.

Alirudi Lagos mwaka wa 1970 akiwa mtu tofauti. Pamoja na mpiga ngoma Tony Allen, aliujenga mtindo uliopewa jina la Afrobeat. Akaacha kuimba mapenzi, akaanza kuimba Kiingereza cha mtaani kinachoitwa Pijini, ambacho fundi wa magari wa Lagos na muuza samaki wa Accra wangekielewa bila kwenda shule. Ni kama msanii wa Nairobi anapochagua Sheng ilhali Kiingereza cha darasani anakijua vizuri.

Redio zilitaka nyimbo za dakika tatu. Yeye alipiga za dakika 15, wimbo mmoja ukijaza upande mzima wa santuri. Na wimbo ukisharekodiwa, kwa kawaida hakuupiga tena jukwaani. Mashabiki walikuja na nyimbo wanazozipenda kichwani, akawapa mpya.

Suti na njaa

Tuurudie wimbo wa Gentleman, maana ni rahisi kuuelewa vibaya. Wengi hudhani ni wimbo wa kupinga suti.

Lakini kabla ya suti, kuna mahali ambapo jamaa anakaribishwa chakula akiwa na njaa. Anaonja kidogo na kudai ameshiba, kwa sababu ati mstaarabu hafakamii chakula mbele za watu. Njaa na joto ni jambo moja hapo. Mwili unamwambia ukweli, ila yeye anasikiliza macho ya watu.

Fela hakuwa anauliza umevaa nini. Alikuwa anauliza nani alikuchagulia, na kama unaumia, mbona hutaki kuvua?

Swali hilo halijazeeka hata hapa kwetu. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Kitaifa Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda ukumbini, akakumbusha kuwa mbunge mwanamume anatakiwa kuvaa koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Linganisha na orodha ya Fela ya miaka 50 kabla yake.

Mwaka wa 1975 aligeukia jina lake mwenyewe. Aliona Ransome ni jina la utumwa, akaliondoa na kuweka Anikulapo, maana yake yule anayebeba kifo ndani ya mfuko wake.

Zombie hana jina

Mwaka mmoja baadaye alitoa Zombie. Mhusika ni askari anayegeuka akiamriwa, anayeua akiamriwa, na ambaye hata kufikiri husubiri ruhusa. Waitikiaji wanajibu kila amri kwa neno hilo moja la zombie, kama gwaride. Nigeria ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, na watoto wa mitaa ya Lagos walianza kubeba fimbo kama bunduki na kuwachekelea wanajeshi barabarani.

Ukiusikiliza kwa makini, utagundua kuwa magwanda ni mfano tu. Zombie ni yeyote aliyekabidhi kichwa chake kwa mwingine. Anaweza kuwa karani anayekupigia muhuri wa kukataliwa bila kusoma fomu, au shabiki wa mwanasiasa anayetukana watu mtandaoni kwa sababu mkubwa wake ametukana.

Fela alikuwa ameipa nyumba yake jina la Jamhuri ya Kalakuta na kutangaza kuwa haiko chini ya serikali. Februari 18, 1977, wanajeshi wapatao 1,000 waliizingira. Waliwapiga waliokuwemo, wakawadhulumu wanawake, wakaiteketeza nyumba pamoja na vyombo vya muziki. Mamake Fela, akiwa na umri wa miaka 76, alirushwa nje kupitia dirisha la ghorofani. Alifariki Aprili 1978.

Uchunguzi rasmi ulifanywa. Jibu? Nyumba ilichomwa na askari asiyejulikana. Bila kujua, serikali ilikuwa imethibitisha maneno ya wimbo: watu 1,000 walitii amri na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina.

Fela alijibu kwa wimbo Unknown Soldier, na mwaka wa 1979 yeye na wafuasi wake walibeba jeneza hadi kambi ya Dodan, makao ya mkuu wa nchi, Olusegun Obasanjo, wakaliacha hapo.

Mwaka huo wa uvamizi alitoa pia Sorrow, Tears and Blood, na ndani yake hawacheki askari. Anawatazama majirani. Anawaeleza watu wanaoogopa kupigania haki kwa sababu wana mama nyumbani, wana mtoto, wana nyumba wanayojenga. Sababu hizo zote ni za kweli, na ndiyo maana wimbo unauma. Hasemi watu hao ni wabaya. Anasema hofu ya kila mmoja, ikijumlishwa, ndiyo inayompa mkubwa nguvu.

Kisha kuna Shuffering and Shmiling wa 1978, ambao abiria yeyote wa matatu ataelewa. Watu wamebanwa ndani ya basi, wakifika kwao hakuna maji wala stima, na bado wanatabasamu kwa sababu wameahidiwa raha wakishakufa. Mwana wa pasta aliwaambia waumini wa makanisa na misikiti waangalie viongozi wao wa dini wanaishi vipi.

Pale nyimbo zilipomgeukia

Hadi hapo Fela ni shujaa. Lakini kumsimulia na kuishia hapo ni kumfanyia alichokipinga, yaani kuitikia tu.

Chukua wimbo Lady wa mwaka wa 1972. Unamcheka mwanamke anayejiona sawa na mwanamume, anayetaka kuketi kabla ya wanaume, na kumsifu yule anayejua kuwa mume ni bwana. Aliyeuimba alikuwa mtoto wa Funmilayo, mwanamke aliyemtoa mfalme kitini. Fela aliita hiyo mila ya Kiafrika. Je, alimuuliza mamake?

Mwaka wa 1978 alioa wanawake 27 kwa sherehe moja, wengi wao waimbaji na wanenguaji wake waliopigwa katika uvamizi ule. Wapo waliosema alikuwa anawapa heshima wanawake ambao jamii iliwaita makahaba. Hilo lina ukweli. Lakini Kalakuta ilikuwa na sheria zake na adhabu zake, na mwenye neno la mwisho alikuwa mtu mmoja. Kumbe hata katika nyumba ya waasi mtu anaweza kugeuka akiamriwa.

Aliendelea kuwasumbua wakubwa. Mwaka wa 1984, chini ya utawala wa Muhammadu Buhari, alifungwa kwa madai ya kusafirisha fedha za kigeni, kesi ambayo watetezi wa haki waliiona ya kisiasa. Alikaa ndani takriban miezi 20 na kuachiliwa mwaka wa 1986.

Kisha ukaja Ukimwi. Fela aliupuuza, akaona kondomu ni mambo ya Wazungu yasiyomfaa Mwafrika, na akakataa dawa za hospitali. Mtu aliyewauliza wengine nani kawaambia, alikuwa amepata jibu moja la kila kitu: kama limetoka kwao, nakataa. Hapo ndipo kukataa kulipoacha kuwa kufikiri. Anayepinga kila kitu anachosema mzungu bado ameongozwa na mzungu, ila tu anatembea kinyumenyume.

Alifariki Agosti 2, 1997, akiwa na umri wa miaka 58. Siku iliyofuata, kaka yake Olikoye, daktari aliyekuwa amewahi kuwa Waziri wa Afya, aliwaambia wanahabari kwamba Fela alikufa kutokana na Ukimwi.

Kumbuka enzi zile. Familia nyingi barani zilificha, zikaandika ati marehemu aliugua kwa muda mfupi. Olikoye angeweza kufanya vivyo hivyo na hakuna ambaye angemlaumu. Alisema ukweli mbele ya taifa zima ili wengine wapone. Daktari mtulivu, aliyefuata njia iliyochorwa na familia, ndiye aliyeikaidi jamii siku ile kuliko mtu yeyote.

Inakadiriwa kuwa watu milioni moja walijitokeza kumuaga Fela jijini Lagos. Nyumba yake ya mwisho katika mtaa wa Ikeja, alikozikwa, sasa ni makavazi. Wanawe Femi na Seun wanaendeleza muziki, na mwaka wa 2009 maisha yake yaliigizwa Broadway, New York, mbele ya watu ambao wengi wao walivaa suti.

Ukitaka kuanza kumsikiliza, tenga muda, maana hana haraka. Anza na Gentleman ukiwa unajitayarisha kwenda mahali ambapo huna raha na ulichokivaa. Sikiliza Zombie kabla ya kusambaza ujumbe uliotumiwa na mtu unayemwamini sana. Sorrow, Tears and Blood ihifadhi kwa siku ile unajua ukweli na umeamua kunyamaza.

Na ukifika kwa Lady, usiiruke. Isikilize hadi mwisho, ukikumbuka ni mwanamke gani aliyemzaa aliyeiimba.