Mali kauli ilivyomfikisha Allidina Visram Kampala

Kijana anayetaka kuanzisha biashara leo Dar es Salaam, Nairobi au Kampala huambiwa aandike mpango wake, kisha aende benki. Allidina Visram alipofungua duka Kampala mwaka 1898, Uganda haikuwa na benki hata moja. Ya kwanza ilifunguliwa Entebbe mwaka 1906, na kufikia wakati huo yeye alikuwa tayari tajiri anayejulikana kutoka pwani hadi Kongo.

Alizaliwa mwaka 1851 Kera, eneo la Kutch, magharibi mwa India. Alifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1863, akiwa na miaka 12 na bila mtaji wowote. Bagamoyo alifanya kazi chini ya Sewa Haji Paroo, Mwismailia mwenzake, ambaye jina lake bado linatajwa na wagonjwa wanaoelekezwa jengo la Sewahaji pale Muhimbili.

Kazi ya Sewa Haji ilikuwa misafara, na msafara kwa hakika ulikuwa mkopo unaotembea kwa miguu. Vitambaa, chumvi na nafaka vilitolewa kwa mali kauli, vikabebwa na wapagazi hadi bara, na deni likalipwa miezi mingi baadaye kwa pembe za ndovu, nta na asali. Njiani kulikuwa na maradhi, vita na wizi. Mkopeshaji hakuwa na hati ya kushikilia. Alichotazama ni mkopaji ni nani, kalelewa na nani, na safari iliyopita alirudi na nini.

Sewa Haji alifariki dunia mwaka 1897, na Visram akaichukua biashara ya misafara. Wakati huohuo reli ilikuwa imeanza kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Kwa mtu wa misafara hiyo ilikuwa habari mbaya, kwani behewa moja lingebeba mizigo ya mamia ya wapagazi. Visram aliamua kuifuata reli badala ya kushindana nayo. Alifungua tawi Mombasa mwaka 1899, akawauzia chakula vibarua wa Kihindi waliokuwa wakiijenga, na reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 yeye alikuwa ameshatangulia Uganda.

Namna alivyopanua biashara ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini na wanaotafuta mtaji. Vijana waliotoka India mikono mitupu aliwapa bidhaa kwa mali kauli na kuwapeleka kwenye miji midogo kufungua duka. Walilipa kadiri walivyouza, mara nyingi kwa mazao na ngozi badala ya fedha taslimu. Wasafiri na maofisa wa serikali nao walichukua fedha kwake kwa hati za malipo, hivyo maduka yake yakafanya kazi ya benki.

Mazao ya wakulima aliyanunua hata pale faida ilipokuwa ndogo mno. Haukuwa wema mtupu: mkulima aliyelipwa asubuhi alinunua kitambaa na chumvi kaunta ileile kabla ya kurudi nyumbani. Faida iliyopatikana aliiweka kwenye viwanda vya kuchambua pamba, kukamua mafuta na kutengeneza sabuni, pamoja na vyombo vya usafiri ziwani. Maduka yalizidi 30, na Wahindi aliowaajiri walizidi 500.

Lakini mfumo huo ulikuwa na kasoro ambayo haikuonekana akiwa hai. Uliegemea mtu mmoja: jina lake, macho yake, na kumbukumbu yake ya nani anadaiwa nini na anaaminika kiasi gani. Deni la mali kauli hudaiwa vizuri na yule aliyelitoa. Visram alipata homa katika safari ya biashara Kongo na kufariki dunia mwaka 1916. Mwanawe Abdulrasul alirithi kampuni, ikaanza kudhoofika, naye akafariki dunia mwaka 1923.

Baadhi ya waliokuwa mawakala wake walikuwa tayari na biashara zao wenyewe. Mombasa imebaki shule ya sekondari ya Allidina Visram, iliyojengwa na Abdulrasul kwa kumbukumbu ya baba yake.