Chuma, kiongozi wa misafara aliyeifurahia taabu ya njia

MSAFIRI atokaye Lindi kwa basi hulifuata bonde la Mto Lukuledi na kufika Masasi baada ya saa chache. Mwaka 1876 njia hiyo ilikwenda kwa miguu, na miongoni mwa walioiongoza misafara alikuwa James Chuma, Myao ambaye hakuwa amefikia umri wa miaka 30, lakini alikuwa ametembea kuliko wapelelezi wengi wa Kizungu walioandikiwa vitabu.

Safari yake ya kwanza hakuichagua. Aliuzwa utumwani akiwa mtoto, na mwaka 1861 akakombolewa katika nchi ambayo leo ni Malawi na kundi la David Livingstone na Askofu Mackenzie. Baadaye alipelekwa Bombay, India, akasoma na kubatizwa huko. Mwaka 1866 alishuka Mikindani pamoja na Livingstone, wakaufuata Mto Ruvuma.

Mwanzoni mwa safari hiyo Livingstone aliandika katika shajara yake kuwa kutembea porini huchangamsha mwili na akili, na kwamba uchovu wa mchana huleta mapumziko matamu ya jioni. Bila shaka aliamini hivyo. Lakini raha hiyo ilikuwa ya mtu aliyejichagulia njia. Askari aliowatoa India walichoka wakarudishwa, wapagazi wengine wakatoroka, na mwaka 1868 Chuma mwenyewe aligoma kwa muda kumfuata kwenda Ziwa Bangweulu.

Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kwa miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Safari hii hakuwapo bwana wa kuwaamrisha, waliamua wenyewe.

Chuma alikwenda Uingereza mwaka 1874, kisha akarudi Zanzibar na kuifanya safari kuwa kazi yake. Mwaka 1875 alimwongoza Askofu Edward Steere kutoka Lindi hadi kwa Mataka, mtawala wa Wayao. Mwaka uliofuata ulikuja msafara wenye watu walioachiwa huru utumwani, ukikusudia kuwapeleka karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika kwenye milima ya mawe ya Masasi hawakutaka kwenda mbele zaidi. Steere akakubali, na makazi yakaanzishwa hapo. Ni vigumu kumfikiria kiongozi aliyefaa kuwaelewa watu hao kuliko Chuma, ambaye naye aliwahi kuswagwa njiani kama mali.

Furaha yake imeelezwa vizuri zaidi na Joseph Thomson, kijana wa Uskoti aliyebaki na msafara mikononi mwaka 1879 baada ya mkuu wake, Keith Johnston, kufariki. Kwa maelezo yake, Chuma alijaa hadithi na mzaha, wapagazi walimpenda mno, na bado hakuna aliyethubutu kuvunja amri yake. Alikuwa na kasoro moja: alipenda makuu, akawa mwepesi wa kugawa mali ya msafara ili aonekane mtu mkubwa. Kosa hilo husameheka. Thomson aliwarudisha pwani karibu watu wake wote wakiwa hai, jambo adimu enzi hizo.

Mwaka 1881 wawili hao walirudi Ruvuma kutafuta makaa ya mawe kwa niaba ya Sultani Barghash, wasipate ya maana. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882. Mwaka huohuo Wamagwangwara waliyavamia makazi ya Masasi, na baadhi ya wakazi wake wakachukuliwa mateka.